Hesabu za Saa Mbovu: Historia Yake na Funzo Lake

Ndugu wanafunzi wa zamani, nanyi vijana mnaoendelea na masomo shuleni petu, mhariri wa jarida hili amenitaka niandike makala ya historia. Wenzangu wengi katika kurasa hizi wameandika juu ya viongozi, vita na mabadiliko ya utawala. Mimi nimechagua kuandika historia ya hesabu moja, tena hesabu ambayo wanafunzi wengi huichukia, nayo ni ile ya saa inayochelewa na saa inayotangulia. Nimeichagua kwa sababu kila ninapokutana na vijana wa shule huulizwa swali lile lile: hesabu hizi zina faida gani siku hizi, wakati kila mtu ana simu mfukoni inayoonyesha saa bila kukosea? Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu. Jibu lake limo katika historia, na wala si historia ya mchezo. Watu wamekufa baharini kwa kukosa kuijua hesabu hii, na wengine wamepata utajiri na heshima kwa kuijua.

Tuanze na hesabu yenyewe. Saa ya ukutani inachelewa dakika 5 kila baada ya saa moja. Ilirekebishwa ikawa sawasawa saa 6 mchana. Sasa mishale yake inaonyesha saa 12 jioni kamili. Je, ni saa ngapi hasa?

Wanafunzi wengi hujibu upesi: zimepita saa 6, kila saa imepoteza dakika 5, yaani dakika 30, basi ni saa 12 na nusu. Jibu hilo si sahihi. Kwa nini? Kwa sababu zile saa 6 tulizozihesabu ni saa za ile saa mbovu, si saa za kweli. Kila dakika 60 za kweli zinapopita, mishale hutembea dakika 55 tu. Mishale imetembea dakika 360. Basi muda wa kweli ni 360 mara 60 gawanya kwa 55, yaani dakika 392 na sekunde 44 hivi. Hizo ni saa 6, dakika 32 na sekunde 44. Ni saa 12 na dakika 32 na kitu, wala si saa 12 na nusu.

Sasa igeuzeni. Saa nyingine inatangulia dakika 5 kila saa, nayo ilirekebishwa saa 6 mchana na sasa inaonyesha saa 12 jioni. Mwenye haraka atasema saa 11 na nusu. Lakini 360 mara 60 gawanya kwa 65 ni dakika 332 na sekunde 18. Ni saa 11 na dakika 32. Tazameni jambo la ajabu: katika hesabu zote mbili mwenye haraka amekosea kwa upande ule ule, na kwa kiasi kinachokaribiana, dakika 2 na zaidi. Kosa lake ni moja: ametumia saa mbovu kupimia ubovu wa saa hiyo hiyo.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa akituandikia ubaoni maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kushika kalamu. La kwanza: saa hii ilikuwa sahihi lini mara ya mwisho? La pili: inakosea kiasi gani kwa kila muda fulani? La tatu: muda huo unapimwa kwa saa ya kweli au kwa saa yenyewe? Nitayatumia maswali hayo matatu kama taa ya kutuongoza katika historia hii.

Mwaka 1656 Mholanzi Christiaan Huygens alitengeneza saa inayoongozwa na pendulamu, yaani uzito unaoning'inia kwenye ufito na kubembea huku na huku. Kabla yake, saa za mitambo zilikosea kwa dakika nyingi kila siku. Saa za pendulamu zikapunguza kosa hilo likawa la sekunde. Wataalamu wakafurahi, wakaona sasa wamepata chombo cha kuaminika. Lakini mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alitumwa Cayenne, katika Guyana ya Kifaransa, karibu na ikweta, kutazama nyota na sayari. Alichukua saa yake nzuri ya pendulamu. Kule Cayenne ikawa inachelewa kwa kiasi cha dakika 2 na nusu kila siku. Haikuwa imevunjika. Ili iende sawa, pendulamu ilipasa kufupishwa kwa milimita kama 3.

Wengine wangeitupa saa hiyo au wangemlaumu fundi. Isaac Newton, katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1687, aliitumia habari hiyo kama ushahidi. Alieleza kwamba dunia si duara kamili bali imebinyika kidogo kwenye ncha na kutanuka kwenye ikweta, nayo inazunguka. Kwa hiyo uvutano kwenye ikweta ni mdogo kidogo kuliko Ulaya, na pendulamu hubembea polepole zaidi. Yaani saa iliyochelewa ndiyo iliyosaidia kuonyesha umbo la dunia. Hata leo, mkichukua saa ya pendulamu iliyorekebishwa London mkaileta Dar es Salaam bila kuigusa, itachelewa zaidi ya dakika 2 kila siku kwa sababu hiyo tu. Ongezeni na joto letu, kwa maana ufito wa chuma hurefuka kidogo ukipata joto: joto likipanda kwa nyuzi 10 za Sentigredi, saa yenye ufito wa chuma huchelewa sekunde 5 hivi kwa siku. Hapa swali la pili la mwalimu wetu linapata uzito. Kiasi cha kukosea hakikai vile vile kila mahali, bali hubadilika kwa mahali na kwa hali ya hewa.

Sasa twende baharini, ambako jambo lenyewe lilikuwa la kufa na kupona. Nahodha aliye katikati ya bahari anaweza kujua yuko umbali gani kaskazini au kusini kwa kupima kimo cha jua au cha nyota. Kujua yuko umbali gani mashariki au magharibi, yaani longitudo, ni kazi ngumu zaidi. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa, na uzi mmoja kwa dakika 4. Nahodha akijua ni saa ngapi mahali alipo kwa kutazama jua, na wakati huo huo akajua ni saa ngapi bandarini alikotoka, tofauti ya saa hizo mbili humwambia longitudo yake. Lakini ataijuaje saa ya bandarini, na yeye yuko mbali kwa majuma mengi? Lazima aibebe katika saa. Na pendulamu haifai katika jahazi linaloyumba.

Mwaka 1707 manowari nne za Uingereza, zikiongozwa na Amiri Sir Cloudesley Shovell, ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly kwa sababu mabaharia hawakujua vizuri mahali walipokuwa. Watu zaidi ya elfu moja walikufa usiku mmoja, na amiri mwenyewe akiwemo. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kutoa zawadi ya pauni 20,000 kwa yeyote atakayepata njia ya kupima longitudo kwa kosa lisilozidi nusu ya uzi baada ya safari ya kwenda visiwa vya Karibi. Nusu ya uzi ni dakika 2 za saa, yaani sekunde 120. Tuseme safari ni ya majuma sita, siku 42. Gawanyeni 120 kwa 42, mtaona kuwa saa ilitakiwa isipotoke kwa zaidi ya sekunde 3 hivi kwa siku, katikati ya mawimbi, joto na baridi.

Aliyeishinda kazi hiyo hakuwa profesa. Alikuwa John Harrison, seremala aliyezaliwa mwaka 1693, ambaye alijifundisha mwenyewe kutengeneza saa, na zile za mwanzo alizitengeneza kwa mbao. Alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 40. Saa yake ya nne, aliyoimaliza mwaka 1759, ilikuwa kama saa kubwa ya mfukoni, upana wake kiasi cha sentimita 13. Mwishoni mwa mwaka 1761 mwanawe William aliipakia katika manowari iitwayo Deptford, wakaenda nayo Jamaica.

Hapa ndipo nataka vijana mtulie, maana hesabu yake ni ile ile ya darasani. Kabla ya kuondoka Portsmouth saa hiyo ilipimwa ikaonekana inachelewa sekunde 2 na theluthi mbili kila siku. Kipimo cha Portsmouth mpaka kipimo cha Jamaica zilipita siku 81. Zidisheni: 81 mara 2 na theluthi mbili ni sekunde 216, yaani dakika 3 na sekunde 36. Mtu asiyejua hesabu hii angeitazama saa hiyo Jamaica akasema ni mbovu, imechelewa zaidi ya dakika 3 na nusu, na imevuka mpaka uliowekwa na sheria. Kwenye ikweta kila sekunde 4 ni maili moja ya baharini, kwa hiyo sekunde 216 zingemtupa nahodha umbali wa maili 54. Hizo zinatosha kabisa kumpandisha juu ya mwamba. Lakini ukiondoa zile sekunde 216 zilizojulikana tangu mwanzo, kosa lililobaki lilikuwa sekunde 5 hivi tu. Hiyo ni kama maili moja na robo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, saa iliyoleta ushindi haikuwa saa isiyokosea. Ilikuwa saa inayokosea kwa kiasi kinachojulikana, na kiasi hicho kilikaa vile vile siku baada ya siku. Hili ndilo funzo kubwa la hesabu za saa mbovu. Chombo chenye kosa linalojulikana ni bora kuliko chombo kinachosifiwa kuwa hakina kosa, na hali hakuna aliyekipima.

Hata hivyo, halmashauri iliyosimamia zawadi ile haikuridhika na safari moja. Ilidai jaribio la pili. Nami, ingawa namhurumia mzee Harrison, naona dai hilo halikuwa baya lote. Ukimruhusu mtu ataje kiasi cha kukosea baada ya safari kwisha, anaweza kuchagua kiasi kinachompendeza, na jibu lake litatokea sahihi siku zote. Lazima kiasi kitajwe kabla. Mwaka 1764 William alikwenda na saa ile ile Barbados, na safari hii alitamka mapema kwamba itatangulia sekunde 1 kwa siku. Baada ya siku 47 kosa lilionekana kuwa kama sekunde 39. Sheria iliruhusu 120. Ushindi ulikuwa wazi.

Lakini malipo yalicheleweshwa. Saa ilipelekwa Greenwich kwa majaribio zaidi chini ya mnajimu wa mfalme, Nevil Maskelyne, na katika miezi kama kumi ya mwaka 1766 na 1767 ikatangulia kwa jumla ya zaidi ya saa nzima. Maskelyne akaandika kwamba haiwezi kutegemewa. Wakabishana sana. Harrison alilalamika kwamba Maskelyne alikuwa akiunga mkono njia nyingine, ile ya kupima longitudo kwa mwezi. Mwisho Mfalme George wa Tatu aliingilia kati, na mwaka 1773 Bunge likamlipa Harrison pauni 8,750, akiwa na umri wa miaka 80. Alifariki mwaka 1776. Nakala ya saa yake iliyotengenezwa na Larcum Kendall ilikwenda na Kapteni James Cook katika safari yake ya pili, ya mwaka 1772 hadi 1775, na Cook aliisifu sana.

Jambo hili lilifika mpaka pwani yetu. Kati ya mwaka 1822 na 1826 Kapteni William Owen wa manowari Leven alipima pwani ya Afrika, ikiwemo hii ya Afrika Mashariki, akitumia saa za namna hiyo kupata longitudo. Ni Owen huyo huyo ambaye mwaka 1824 alipandisha bendera ya Uingereza Mombasa kwa maombi ya Wamazrui, hatua ambayo serikali yake haikuikubali na ambayo ilikwisha mwaka 1826. Katika vitabu vyetu vya historia tulisoma habari za bendera, lakini ni wachache waliosoma habari za saa. Ramani zilizotokana na kazi hiyo zilizileta meli za kigeni kwenye bandari zetu kwa usalama zaidi, kwa heri na kwa shari. Anayejua mahali alipo ana nguvu juu ya asiyejua.

Wapimaji wa wakati huo hawakubeba saa moja tu. Meli ya Beagle, iliyomchukua Charles Darwin kati ya mwaka 1831 na 1836, ilikuwa na saa 22. Sababu yake ni rahisi. Ukiwa na saa moja, huna wa kuiumbua ikipotoka. Ukiwa na mbili zikatofautiana, unajua moja imekosea, lakini hujui ipi. Ukiwa na tatu, mbili zikikubaliana, una haki ya kuishuku ya tatu. Mimi ni mtumishi wa serikali, na katika kazi yangu nimeiona kanuni hiyo ikifaa hata pale ambapo hakuna saa wala bahari: taarifa zinazotoka mahali pawili zikitofautiana, kazi ndiyo imeanza, haijakwisha.

Sasa tuje nyumbani kabisa. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Dar es Salaam ipo kwenye longitudo ya nyuzi 39 na dakika 17 mashariki ya Greenwich. Kigoma ipo kwenye nyuzi 29 na dakika 38 hivi. Tofauti ni nyuzi 9 na dakika 39, na kwa dakika 4 kwa kila uzi tunapata karibu dakika 39 za saa. Mtu aliyeilinganisha saa yake na jua la Dar es Salaam, akapanda gari la moshi mpaka Kigoma, angekuta saa yake imetangulia jua la huko kwa karibu dakika 39. Je, saa yake ni mbovu? Hata kidogo. Ni sahihi, ila amebeba saa ya Dar es Salaam. Hapa lazima tuliongeze swali la kwanza la mwalimu: ilikuwa sahihi lini, na wapi?

Ndiyo maana reli na simu za waya zilizilazimisha nchi kuwa na saa moja ya pamoja. Katika Afrika Mashariki ziliwahi kutumika saa zilizotangulia Greenwich kwa saa 2 na nusu, na hata kwa saa 2 na dakika 45, kabla ya kutulia kwenye hii ya leo ya saa 3. Saa 3 ni nyuzi 45, na mstari wa nyuzi 45 haupiti popote katika Tanzania. Unapita Somalia na Madagaska. Kwa hiyo saa zetu zote, hata zile nzuri za mkutano wa Baraza la Mawaziri, zimetangulia jua letu. Dar es Salaam zimetangulia kwa dakika 23 hivi. Kigoma zimetangulia kwa zaidi ya saa nzima, na kwa wastani jua la utosi huko hufika saa 7 mchana, si saa 6.

Nimesema kwa wastani, kwa kuwa jua lenyewe ni saa inayotangulia na kuchelewa. Dunia hailizunguki jua kwa mwendo ule ule mwaka mzima, na mhimili wake umeinama. Matokeo yake, jua hufika katikati ya safari yake ya mchana mapema mno katika siku fulani na kuchelewa katika nyingine. Dar es Salaam, mwanzoni mwa Novemba linafika hapo kama saa 6 na dakika 6, na katikati ya Februari kama saa 6 na dakika 37. Tofauti ni zaidi ya nusu saa, na hakuna fundi wa kulirekebisha. Wazee wetu walioanza kuhesabu saa kwa machweo na macheo hawakusumbuka na jambo hilo, maana karibu na ikweta mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na hapakuwa na gari la moshi la kuwahi.

Nao utaratibu wetu wa kusoma saa, ambao wageni huuona kama kioja, una funzo lake. Mshale mfupi ukielekea 9, Mswahili husema saa tatu. Watu wengine hudhani saa yetu imechelewa saa 6. Si kweli. Saa inayochelewa huzidi kuchelewa kadiri siku zinavyopita. Yetu iko nyuma ya ile ya Kizungu kwa saa 6 leo, kesho na milele. Tofauti ya mahali pa kuanzia kuhesabu ni jambo moja, na kiasi cha kukosea kwa siku ni jambo jingine. Mwanafunzi anayetenganisha mambo hayo mawili ameshashinda nusu ya mtihani.

Katika Unguja, Sultani Barghash alijenga jumba la Beit-al-Ajaib mwaka 1883, na mbele yake palikuwa na mnara wa taa na saa. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilimpa Khalid bin Barghash mpaka saa tatu asubuhi aondoke katika jumba la kifalme. Alikataa. Saa tatu na dakika 2 mizinga ikaanza kulia, na kabla ya saa nne vita vilikuwa vimekwisha. Mnara wa mbele uliharibiwa, na baadaye mnara mpya wa saa ukajengwa kwenye jumba lenyewe. Huo nao uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 pamoja na sehemu ya jumba. Naitaja habari hiyo ili vijana mfahamu kwamba asubuhi ile dakika chache za saa zilipima maisha ya watu mia kadhaa.

Sasa nirudi kwenye swali la simu. Vijana husema simu haikosei. Simu huonyesha saa sahihi kwa sababu kuna watu wanaofanya hesabu ya saa mbovu kwa niaba yenu, mchana na usiku. Satelaiti zinazotuonyesha njia zimebeba saa za atomiki, nazo hufanya kazi kwa kanuni ile ile ya Harrison: tofauti ya wakati hutoa mahali. Lakini kwa mujibu wa nadharia za Einstein, saa iliyo juu, mahali ambapo uvutano ni mdogo, hutangulia mikrosekunde 45 kwa siku ikilinganishwa na ya ardhini; na kwa kuwa inakwenda kasi sana, huchelewa mikrosekunde 7. Toeni: inatangulia mikrosekunde 38 kwa siku. Ni kidogo sana, maana mikrosekunde moja ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Lakini mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, na kwa mikrosekunde 38 hufika zaidi ya kilomita 11. Kosa hilo lisingesahihishwa, umbali ungepotoka kwa zaidi ya kilomita 11 kila siku. Kwa hiyo mafundi huzitegesha saa hizo zichelewe kidogo makusudi kabla ya kurushwa, ili zikifika juu ziende sawasawa na zetu. Mnaona? Kiasi hutajwa kabla ya safari, kama William Harrison alivyofanya mwaka 1764.

Basi, kwa vijana walio darasani, nawaachia mazoezi mawili, na majibu yake ili mjipime. La kwanza: saa mbili zilirekebishwa pamoja. Moja inatangulia dakika 3 kwa siku, nyingine inachelewa dakika 2 kwa siku. Zitaonyesha saa moja tena baada ya siku ngapi, na zitakuwa zote sahihi baada ya siku ngapi? Kila siku zinaachana dakika 5, na uso wa saa una dakika 720. Kwa hiyo zitaonyesha saa moja baada ya siku 144. Lakini siku hiyo zote mbili zitakuwa zinakosea! Ile ya kwanza huwa sahihi kila baada ya siku 240, na ya pili kila baada ya siku 360. Zote pamoja zitakuwa sahihi baada ya siku 720. Kumbukeni hilo kila mnaposikia watu wawili wanakubaliana: kukubaliana peke yake si ushahidi wa ukweli.

La pili ni kitendawili cha Lewis Carroll, Mwingereza aliyekuwa mwalimu wa hesabu huko Oxford. Ipi bora: saa iliyosimama kabisa, au saa inayochelewa dakika 1 kwa siku? Iliyosimama huwa sahihi mara mbili kila siku. Inayochelewa huwa sahihi mara moja katika siku 720, karibu miaka miwili. Je, mtanunua iliyosimama? Mwenye akili atajibu kwamba iliyosimama haimwambii mtu ni lini inasema kweli, lakini inayochelewa, ukijua kiasi chake na siku iliporekebishwa, hukuambia kweli wakati wowote kwa hesabu ya mistari miwili.

Mwisho, nawashauri mfanye jaribio darasani. Chukueni saa ya ukutani ya darasa lenu, ilinganisheni na saa ya redio kila siku kwa wakati ule ule kwa majuma mawili, na mwandike tofauti katika daftari. Baada ya juma la kwanza, tajeni kiasi cha kukosea mbele ya darasa zima, kisha muone juma la pili litawathibitisha au litawasuta. Likiwasuta, tafuteni sababu: joto, betri iliyochoka, au mkono wa mtu. Gharama yake ni daftari na kalamu tu. Nasi wanafunzi wa zamani tukija kwenye mkutano wa mwaka ujao, tutafurahi kuiona karatasi hiyo imebandikwa chini ya saa, ikisema wazi kwamba saa hii inachelewa kwa sekunde kadhaa kwa siku, ilipimwa na kidato fulani, tarehe fulani. Mimi nitairekebisha saa yangu kwa hiyo.